Jenereta ya Gesi Kamakis: Mwongozo kwa Anayepakana na Jirani Ukuta kwa Ukuta

Ukimsikia mkazi wa Kamakis, hapa Ruiru kando ya Eastern Bypass, akisema anatafuta jenereta ya gesi asilia, mwulize kwa upole bomba litapita wapi. Chini ya barabara zetu kuna mabomba ya maji, na kuna nyaya za intaneti ambazo huchimbuliwa na kufukiwa upya kila msimu. Gesi asilia haimo. Zile video za Marekani tunazotazama usiku, zenye mashine ya Generac iliyotulia kando ya nyumba na kujiwasha yenyewe sekunde chache baada ya stima kupotea, zimepigwa kwenye miji yenye bomba la gesi. Sisi tuna mtungi.

Gesi ya bomba ina wenyewe. Wenyewe ni Watanzania: iligunduliwa kwao Songo Songo mwaka 1974, kisha Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam, na mwaka 2015 bomba kubwa la kutoka Mtwara likazinduliwa. Kuna akina mama Dar es Salaam na Mtwara wanaopika ugali kwa gesi inayoingia jikoni kama maji ya mfereji. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, nchi zetu mbili zilitia saini makubaliano ya kuisafirisha gesi hiyo kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Naombea mradi huo heri. Lakini hata bomba likifika Mombasa kesho asubuhi, litapanda Mariakani, livuke Voi na Mtito Andei, lifike Athi River, likate kona ya Eastern Bypass, lipite Utawala, na kabla halijagonga lango lako nyama iliyomo kwenye friza yako itakuwa imeoza na kutupwa na kununuliwa upya mara nyingi.

Kwa hiyo kila nitakaposema gesi, ni ile ya mtungi, propani na butani zinazoshuka melini Mombasa. Zingatia tofauti hii hata dukani. Jenereta nyingi za gesi zimeandikwa kwamba zinakubali gesi ya bomba na ya mtungi, lakini haziwi sawa kwa zote mbili bila kurekebishwa, kwa sababu gesi ya mtungi ina nguvu zaidi kwa ujazo na hupitishwa kwenye tundu dogo. Mwambie muuzaji airekebishe kwa ya mtungi, tena aiwashe ukiwa umesimama hapo.

Mwongozo huu ni wa mtu wa hamsini kwa mia. Ploti ya futi 50 kwa futi 100, yaani mita kama 15 kwa 30, nyumba katikati, tangi nyuma, gari mbele, na ukuta ambao upande wake wa pili kuna kitanda cha mtu. Mwenye ekari tano anunue anachotaka. Wewe unamnunulia jirani pia: ataisikia jenereta yako, atavuta moshi wake, na fundi wa Kenya Power akipanda nguzo ya mtaa, mkono wake utagusa waya unaotoka kwako.

Hesabu giza lako kwanza

Giza la Kamakis lina aina zake. Liko la nusu saa, linaloisha kabla hujapata kiberiti. Liko la transfoma, ambalo hukamata mtaa mmoja siku nzima au mbili huku ng'ambo ya barabara taa zikiwaka na kundi la WhatsApp la mtaa likijaa malalamiko. Na liko giza la taifa. Mnamo tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kwenye mto Tana, akaanguka juu ya transfoma, mitambo ikajizima na Kenya nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini kubwa ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, nchi ikazimika tena. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, giza lilifunika karibu taifa lote na sehemu nyingi zikalala hivyo hadi kesho yake. Novemba na Desemba mwaka huo huo likarudi.

Chukua daftari. Kwa miezi mitatu andika kila stima inapopotea na inaporudi. Sisi Wakenya tukikasirika hukumbuka lile giza baya kuliko yote, kisha tunanunua mashine ya kupigana nalo, na mashine ile inakaa stoo miezi kumi na moja ikifuga panya. Ukikuta daftari lako limejaa giza la saa moja au mbili, huhitaji jenereta. Unahitaji inveta na betri. Betri ya lithiamu ya uniti moja hubeba waifai, televisheni na taa nne kwa saa sita hivi, bila moshi, bila sauti, bila mtungi.

Na kama wewe ni mpangaji wa ghorofa ya tatu, iwe ni Kihunguro, Membley au hapa hapa kando ya Bypass, betri ndiyo jibu lako hata kama daftari limejaa giza la siku mbili. Jenereta kwenye baraza ya ghorofa ni hatari kwako na kwa kila anayelala juu yako. Msimamizi wa ploti akikukataza, mshukuru.

Kisha hesabu vitu

Hapa ndipo pesa hupotea au huokolewa, kwa hiyo tukae kidogo.

Tembea chumba kwa chumba na andika kila kitu kinachotumia stima na wati zake. Zimeandikwa nyuma au chini ya kila kifaa. Friji ya kawaida ni kama wati 150 ikiwa inazunguka, lakini pale inapoanza huvuta mara nne au tano ya hizo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Televisheni 100. Waifai 15. Balbu nane za LED, kila moja 9, hazifiki 75. Kompyuta mbili za mkononi, 130. Simu za nyumba nzima, 40. Jumla ni wati kama 500, na ukiongeza ule mruko wa friji haizidi 1,200. Nyumba ya familia, wakiwa wanaona, wanasoma, wanatazama habari na maziwa yao hayagandi, inatosheka na wati 1,200. Watu wengi hawaamini hadi wafanye hesabu hii wenyewe.

Sasa waingie wale wanaovuruga hesabu. Shawa ya umeme inameza wati 5,000 na zaidi. Birika 2,000. Pasi 1,200 kwenda juu. Vyote vitatu kazi yake ni kutoa joto, na joto tayari unalo ndani ya mtungi. Ukiiunguza gesi kwenye injini ndogo ili izungushe alteneta, ilete stima, stima ipashe maji, zaidi ya sehemu nne kati ya tano za ile gesi zimeishia kwenye eksosi na kwenye chuma cha injini. Iweke sufuria jikoni. Maji ya kuoga yatachemka kwa gesi ile ile, na utakuwa umekata ukubwa wa jenereta yako zaidi ya nusu. Nguo za kesho zipigwe pasi stima ikiwepo, au zivaliwe zilivyo. Giza likiwa la taifa zima, ofisini wote watakuwa na mikunjo.

Kisha iko pampu ya kisima. Pampu ya nguvu farasi moja huvuta wati kama 1,100 ikiwa imeshika mwendo, na mara tatu ya hapo inapoanza. Kwa ajili ya huo mwanzo peke yake, jenereta yako inaruka kutoka ndogo hadi kubwa. Ninakusihi usiinunulie pampu jenereta. Nunua tangi la lita 5,000, liinue juu ya mnara, lijazwe kila stima inapokuwepo. Tangi lililojaa juu ya mnara ni betri: umekwisha kulipia stima ya kupandisha maji hayo, na yatashuka yenyewe hata taifa likae gizani wiki nzima.

Mashine inachoka ikipanda Ruiru

Nguvu iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa mahali pa chini, kwa petroli. Ruiru iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ndogo hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 inazopanda. Kufika kwetu imeshaacha njiani asilimia 17 hivi. Na ukiilisha gesi badala ya petroli, inapoteza asilimia 10 nyingine, zaidi au chini kidogo.

Chukua mashine ya wati 2,000. Kwa gesi ni 1,800. Kamakis ni kama 1,490. Nyumba yetu inahitaji 1,200, kwa hiyo inatosha na nafasi ya kupumua ipo. Sasa chukua ile ya wati 5,000 ambayo muuzaji anaisifia. Kwa gesi ni 4,500, na ukiifikisha hapa ni kama 3,700. Pampu ikianza huku nyumba ikiendelea kutumia zile wati 500, vyote pamoja vinataka 3,800. Umelipa bei ya mashine kubwa na bado imeshindwa kwa wati mia moja, kwa sababu tu hukununua tangi.

Muuzaji wa mjini ana sentensi moja kwa wateja wote: "Mkubwa, hii inabeba nyumba yote, na ya jirani." Mwambie akuonyeshe namba mbili kwenye bamba la mashine. Kuna ile kubwa ya juu, ambayo mashine inaweza kuishika kwa muda mfupi tu, na kuna ile ndogo ambayo inaweza kuishika saa nzima baada ya saa. Hesabu zote fanya kwa ile ndogo. Kama bamba limeandikwa kVA badala ya kilowati, zidisha kwa 0.8 kupata kilowati. Halafu tafuta volti 240 na hezi 50. Jenereta zinazoagizwa na jamaa aliye Marekani, kwa mapenzi na kwa gharama kubwa ya meli, mara nyingi ni za volti 120 na hezi 60. Mota ya friji yako haikutengenezewa mwendo huo. Mpigie simu huyo jamaa kabla hajalipia kontena.

Kati ya aina zilizopo, pendekezo langu ni moja: jenereta ndogo ya inveta inayokubali petroli na gesi ya mtungi, ya wati 2,000 hadi 2,500. Mtindo wa inveta hupunguza mwendo wa injini mzigo ukiwa mdogo, kwa hiyo hula kidogo na hupiga kelele kidogo, na stima yake ni laini kwa kompyuta na televisheni. Gesi iwe ndiyo chakula chake cha kila siku. Petroli iliyoachwa kwenye tangi miezi kadhaa huharibika na kuacha utomvu kwenye kabureta, na ndiyo sababu jenereta nyingi za Kamakis hufa bila kufanya kazi. Gesi ikikaa mtungini mwaka mzima inabaki gesi. Oili ya injini pia hukaa safi muda mrefu zaidi.

Fundi wa jua kali atakuambia anaweza kuigeuza jenereta yako ya zamani ya petroli ile gesi, kwa bei ya kutupa. Mwulize swali moja: injini ikizimika ghafla, ni kitu gani kinachofunga gesi? Jenereta ya kiwandani ina regyuleta ya pili inayofunguka pale tu injini inapovuta. Ikiacha kuvuta, inafunga. Kifaa cha mpira wa jikoni uliopigwa msumari kwenye kabureta hakina mlango huo, na gesi itaendelea kumwagika wewe ukiwa umeingia ndani kutafuta tochi.

Mtungi

Kilo 13 za gesi zina joto la kama uniti 166. Jenereta ndogo ikiwa na mzigo mzuri itakupa uniti 25 hivi kati ya hizo. Ukiiwasha kwa balbu mbili na simu, utapata chini ya nusu, maana injini inakula gesi hata ikizunguka bure. Kwa hiyo kama kuujaza mtungi kunakugharimu shilingi 3,000, kila uniti imekugharimu shilingi 120 au zaidi. Linganisha na tokeni zako, utaona mara moja kwamba jenereta ni ya dharura, na kwamba anayeiwasha apate kutazama mpira peke yake sebuleni anapaswa kumwalika jirani, angalau gharama ya gesi ifurahishe watu wengi.

Gesi mtungini ni kimiminika. Ili iwe hewa inachukua joto kutoka kwenye mtungi wenyewe, na ukiivuta kwa kasi mtungi unapoa, unatoa jasho, unashika barafu, na injini inaanza kukohoa. Usiku wa Julai, Ruiru ikiwa na baridi yake, mtungi wa kilo 6 utakuangusha mapema. Tumia wa kilo 13, na kwa mashine kubwa zaidi unganisha mitungi miwili kwa kiunganishi kilichotengenezewa kazi hiyo. Usiumwagie maji moto. Usiulaze. Najua tunavyoulaza mtungi ukikaribia kuisha, na jikoni labda umewahi kupata dakika kumi za ziada, lakini mtungi uliolala hupeleka kimiminika kwenye regyuleta, na regyuleta ilitengenezewa hewa. Huo ni mwanzo wa moto.

Sasa nenda ukanunue gesi kama mtu anayejali roho yake. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye kola yake. Mwambie mwenye duka aupime mbele yako, toa uzito wa chuma, kinachobaki ndicho ulicholipia. Kifuniko cha usalama kiwe hakijaguswa. Nunua kwa mtu anayejulikana, mwenye leseni, hata kama wa pikipiki anauza kwa shilingi mia tatu chini. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Mradi, Embakasi, upande wetu huu wa mashariki wa jiji, gari la gesi lililipuka kwenye eneo la kujazia mitungi lililokuwa katikati ya makazi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa, nyumba na biashara zikaungua. EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, ilisema ilikuwa imeyakataa maombi ya kibali cha eneo lile. Kila mtungi wa bei ya kushangaza umejazwa mahali fulani, na mahali hapo kuna watu wanaolala.

Mahali pa kuiweka

Moshi wa jenereta una monoksidi ya kaboni, iwe ni petroli au gesi. Haina rangi, haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasoma habari za familia zilizolala na jiko la makaa ndani zisiamke. Jenereta hutoa sumu hiyo kwa wingi kuliko jiko. Isiwe ndani ya nyumba, gereji, stoo wala baraza iliyozibwa, hata mlango ukiwa wazi. Iwe mita 6 au zaidi kutoka kwenye mlango na dirisha lolote, eksosi ikitazama mbali na nyumba.

Chora ploti yako sasa. Una mita 15 za upana, nyumba imechukua tisa, pande zote mbili zimebaki tatu tatu. Vichochoro vya kando vimeshindwa. Nyuma unapata mita saba, lakini juu ya ukuta wa nyuma kuna dirisha la mtu ambaye hakununua jenereta. Mara nyingi pembe iliyobaki ni ya mbele, karibu na lango, upande wa barabara, pale ambapo ulitaka kupanda maua. Jenga jukwaa dogo la zege, kipaa cha kuzuia mvua, pande zote wazi. Mnyororo uingie ndani ya zege, kwa sababu mashine inayoonekana kutoka barabarani huwapa watu mawazo.

Mtungi ukae wima, nje, kivulini, mita mbili au tatu kutoka kwenye injini na upande ambao eksosi haielekei. Gesi asilia ni nyepesi na ikivuja hupaa. Hii yetu ni nzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa, hujaa kwenye mtaro, kwenye shimo la maji taka, kwenye ngazi ya chini. Kwa hiyo usiuweke mtungi karibu na kifuniko cha shimo lolote. Kila unapounganisha mpira, pakaa povu la sabuni kwenye viungo. Povu likivimba, funga.

Kelele zina sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaruhusu desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 usiku, na usiku huo unaanza saa mbili. Jenereta nzuri ya inveta, ukisimama mita 7 kutoka kwake, ni kama desibeli 55 hadi 60, na zile za kawaida hupita 65. Kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hushuka kwa desibeli kama sita, na ploti yako haina umbali wa kutosha wa kuishusha hadi 35. Kuna watakaosema Kamakis ina baa na nyama choma na muziki hadi alfajiri, nani atasikia jenereta? Mtoto wa jirani ataisikia. Spika za mwingine hazikupi wewe kibali.

Suluhisho lake ni betri ileile niliyomwambia mpangaji wa ghorofani. Jenereta iwashwe alasiri, ipoze friji, ijaze betri, izimwe kabla ya saa mbili. Usiku ubebwe na betri. Ndiyo maana nasisitiza mashine ndogo: pesa zilizobaki zinunue betri.

Yule aliye juu ya nguzo

Kama utasahau kila kitu kingine, shika hili. Kuna waya fulani wenye plagi ya meno pande zote mbili, dume kwa dume, ambao mafundi wa haraka huutengeneza ili stima ya jenereta iingie ndani ya nyumba kupitia soketi ya ukutani. Usiukubali nyumbani kwako. Stima hiyo haiishii sebuleni. Inapita kwenye mita, inatoka nje, inafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma inayoshusha volti kuja kwako huzipandisha zikirudi. Volti zako 240 zinakuwa 11,000 kwenye waya ambao fundi wa Kenya Power ameambiwa umezimwa. Amekuja usiku, kwenye mvua, kwa sababu wewe na majirani mlimpigia simu.

Kinachotakiwa ni swichi ya chenjiova, yenye nafasi tatu: stima, katikati imezimwa, jenereta. Haiwezekani zote mbili zikawa wazi kwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi yake yote. Afunge fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe kadi, na mwenye nayo hatakasirika. Mwambie pia atenge bodi ndogo ya vitu vya lazima pekee: friji, taa, soketi za sebuleni, waifai. Shawa, birika na pampu vibaki kwenye bodi kubwa ambayo jenereta haiijui. Hapo hata shemeji aliyefika kutoka Nakuru, asiyejua masharti ya nyumba, hawezi kuizima mashine kwa kuoga.

Iwashe wakati huihitaji

Usiku ule wa 25 Agosti 2023, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikuwa na majenereta. Moja, lililohudumia jengo muhimu la abiria, halikuwaka, na wasafiri wakakaa gizani na mizigo yao. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi. Yako nayo haitawaka kama hujaizoesha. Mara moja kwa mwezi, mchana, iwashe dakika ishirini ikiwa na mzigo wa friji na televisheni. Badilisha oili ya kwanza mapema, baada ya saa ishirini hivi za kazi au kama kitabu chake kinavyoelekeza, kisha ufuate ratiba ya kitabu hicho. Andika tarehe kwa chaki ukutani ili hata kijana wa nyumbani ajue.

Jaribio la kwanza mwite jirani. Asimame kwake, kwenye dirisha la chumba anacholala, huku wewe ukiwasha. Akisema sauti imezidi, sogeza mashine kabla zege haijakauka. Mpe saa zako: saa kumi na moja jioni hadi saa mbili kasoro, na asubuhi baada ya saa moja. Mwambie kuna soketi moja kibarazani kwa ajili ya simu zao, na nafasi kwenye friza kama ana dawa au maziwa ya mtoto. Kisha funga mlango wa friji na usiufungue hovyo. Friji iliyofungwa hushika baridi saa nne, na friza iliyojaa ikifungwa vizuri huenda siku mbili, kwa hiyo mashine haina sababu ya kunguruma saa nane za usiku kwa ajili ya nusu kilo ya mbuzi.